Mahari ya Mjomba kwa Petroli

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkweo, ambaye ametoka kwenda kununua mkaa na ameniagiza nikufikishie kabla sijaandika neno lingine lolote. Goti lako linasemaje na baridi hii? Jesca ameniambia mpunga wa bondeni umeshika vizuri na kwamba unakwenda shamba kwa miguu, hutaki kubebwa hata kwa baiskeli. Taratibu, Mama. Sisi huku ni wazima. Tunakula, tunalala, na mimi nimenenepa mpaka gauni la sendofu, lile la sherehe ya kuniaga, halipiti mabegani.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inachajiwa kwa Mjomba, na mara nyingi anayepokea ni yeye. Barua nampa utingo wa basi, atamkabidhi mdogo wangu Jesca pale Mikumi kwenye mgahawa anakofanya kazi, naye atakuletea hapo kijijini Ulaya siku ya gulio. Isome peke yako. Ukimaliza, iweke motoni.

Nianze na furaha, maana ipo. Mama, sikujua kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akacheka kabla hajanawa uso. Ambakisye ananiita Bi Harusi mpaka leo, miezi minne tangu tufunge ndoa, na akiniita hivyo mbele ya muuza nyanya mimi nasahau nilitaka nyanya au vitunguu. Chai yake hainywi yote. Ananiachia ile ya chini kwa sababu ndiyo yenye sukari. Nikimwambia akoroge kama watu wengine, anasema akikoroga atanipa nini? Ningekuwa na nafasi ningejaza kurasa tatu kwa habari za namna hii, nawe ungenicheka.

Lakini kuna jambo hulijui, ingawa lilitokea uani kwako. Ulikuwa jikoni, kama inavyotakiwa mama mkwe akae mkwe mgeni akiwepo. Gari tulilokuja nalo uliliona kwa upenyo wa dirisha tu. Naona ni haki yako kujua lilivyotufanya, na tulivyofanywa.

Wakati wa uchumba wetu Ambakisye alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Gari lenyewe ndilo lile jeusi, la chini chini, la Kijerumani, injini ya pistoni nane, viti vya ngozi vinavyopata joto ukitaka. Wanaume wengine huwaambia wachumba wao habari za nyota. Mimi niliambiwa habari za petroli, na nilipenda kila neno. Aliniambia mjini, kwenye foleni, gari lile linamaliza lita moja kwa kilomita tano. Barabara kuu, ukilikanyaga kwa adabu, lita moja inakupeleka kilomita kumi. Likiwa limesimama na injini inawaka na kiyoyozi kinapuliza, linakunywa tu, haliendi popote. Oili yake inaingia karibu lita tisa, na si oili ya kila duka. Tairi moja ni kodi ya chumba chetu kwa miezi mitatu. "Gari hili," aliniambia, "kulinunua ni kazi ya siku moja. Kulilisha ni kazi ya kila siku." Aliyasema hayo akilifuta vumbi kwa kitambaa laini, nami nikawaza, mwanamume anayejua mashine kwa namna hii, mke atamjuaje!

Bosi wake naye ana utaratibu wake. Mbele ya usukani kuna kioo kinachoonyesha gari limetumia lita ngapi kwa kila kilomita mia moja, kwa wastani, tangu safari ianze. Dereva akiondoka, bosi anafuta namba ianze sifuri. Akirudi, bosi anaingia ndani kwanza, anasoma. Safari ndefu isizidi kumi na moja. Ikizidi, kwake maana yake ni moja tu: dereva amelifanya teksi, au amelikodisha kwa maharusi wa vijijini wanaozunguka nalo huku wakipiga honi. Dereva aliyekuwepo kabla ya Ambakisye alifukuzwa kwa namba hiyo.

Sasa basi. Baada ya ndoa bosi alimwita mume wangu akampa zawadi. "Chukua gari siku nne, mpeleke mkeo akasalimie kwao. Mwende, mrudi. Si gari la kuzungukia vijiji." Tangi akalijaza yeye mwenyewe. Mama, nilirukaruka jikoni kama mtoto.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nilipiga picha nimeegemea mlango wa gari, nikamtumia Jesca, nikaandika chini yake: "Gari letu." Maneno mawili. Niliyaandika kwa sababu ya furaha tu, kama vile unavyosema kanisa letu, mto wetu. Jesca akamwonyesha Mjomba Lazaro.

Safari yenyewe sitaisahau. Kule Kitonga, kwenye ule mteremko, Ambakisye hakukanyaga mafuta hata kidogo. Gari lilishuka lenyewe, namba kwenye kioo ikawa inapungua, kumi nukta nane, kumi nukta tano, nasi tunaihesabu kwa sauti na kushangilia kila ikishuka. Alizima kiyoyozi tukafungua vioo. Upepo ulininyang'anya kitambaa cha kichwa, akataka kurudi kukiokota, nikamwambia acha, utapandisha namba. Tulicheka mpaka Ruaha Mbuyuni.

Pale Mikumi tulisimama kuongeza mafuta kwa hela yetu, kabla hatujaingia barabara ya Kilosa. Ndipo aliponiambia, "Edina, tukifika nitasema mapema kwamba gari ni la bosi."

Nikamwambia, "Usiseme, mpenzi. Nimeshawaambia ni letu. Utaniaibisha mbele ya ukoo mzima, siku yangu ya kwanza kurudi!"

Akafunga kifuniko cha tangi. "Haya," akasema. "Sitasema mpaka utakaponiruhusu."

Na nyumbani kwetu, Mama, unajua tena. Mkwe mgeni hamkatalii mjomba kitu, wala hamwombi kitu, mpaka mjomba atakapompa kuku wake kwa mkono. Akishapewa kuku, amekuwa mtoto wa nyumbani, anaweza kusema nimechoka, nimeshiba, sitaki. Kabla ya hapo kazi yake ni "Ndiyo, Mjomba."

Tulifika saa tisa mchana. Mjomba alikuwa ameshafika kutoka Kisanga na baiskeli yake. Alilizunguka gari mara mbili, akaligonga bodi kwa kidole kama anavyogonga mtungi. Kisha akamuuliza mume wangu, watu wote wakisikia: "Baiskeli uliyonipa kwenye mahari uliichagua mwenyewe, au ulimtuma mtu?"

"Niliichagua mwenyewe, Mjomba."

"Na blanketi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Ukiwa unaendesha hili!" Akageukia wazee wenzake. "Mnaona? Mtu ana nyumba ya magurudumu, mimi nimepewa pedali." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, Mungu anisamehe, nikidhani ni utani wa ukwe. Mjomba akafungua mlango wa mbele, akaketi. "Washa. Mahari yangu iliyobaki nitaila kwa petroli."

Kuanzia hapo wewe ulikuwa unasikia mngurumo tu. Nikueleze palipokuwa panakwendwa. Siku ile ile tulikwenda Kisanga, akamwonyesha gari kila mtu anayemdai salamu. Siku ya pili akapakia wazee wanne, akaamuru tuzunguke nao mpaka Kilosa mjini na kurudi, kwa mashimo na mawe, na gari lile limekaa chini kama kobe. Tairi la mbele kulia lilipiga jiwe likavimba ubavuni. Ambakisye aliteremka, akaushika ule uvimbe kwa kiganja, akarudi kwenye usukani.

"Vipi, Tajiri, limeumia?" Mjomba akamuuliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Pole yake. Kanyaga."

Kibaya zaidi ilikuwa siku ya tatu. Siku ile gari halikwenda popote, na nadhani ulifikiri limepumzika. Halikupumzika. Mjomba alihamia ndani yake. Aliketi kiti cha nyuma, kiyoyozi kinapuliza, kiti kinampasha mgongo, akawa anapokea wageni kwa dirishani. Anashusha kioo, "Karibu," anasalimiwa, anapandisha kioo. Mume wangu alipozima injini mara moja tu, kioo kilishuka.

"Nani amekuambia uzime?"

"Samahani, Mjomba. Lilikuwa limesimama tu, nikaona..."

"Wewe unaona? Umeshapewa kuku, mpaka uone?" Akamwita mtoto wa jirani. "Kuku wa mkwe amekamatwa?"

"Bado, babu."

"Hajakamatwa. Washa, Tajiri. Na uligurumishe kidogo, wasikie mpaka ng'ambo ya mto."

Likangurumishwa. Wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa dereva, nikaiona namba kwenye kioo. Mama, mimi sijasoma zaidi ya kidato cha nne, lakini namba ile niliielewa kuliko hesabu zote nilizofundishwa. Ilikuwa inapanda huku magurudumu yamekaa palepale. Mume wangu aliniona nikiitazama, akanitabasamia. Akafunika kioo kwa kiganja, kama mtu anavyomfunika mgonjwa, ili nisiendelee kuona.

Wakati ule ningeweza kusema. Ningegonga tu kwenye dirisha la Mjomba na kusema gari si letu, nilidanganya. Nilivuta pumzi kabisa. Lakini walikuwepo kina shangazi wote, na wasichana niliosoma nao, wamejipanga ukutani wakinitazama kama ninavyotamani kutazamwa tangu utoto. Nikaingia ndani nikakusaidia kumenya ndizi. Uliniuliza nje kuna nini, nikakwambia ni wageni tu.

Tuliondoka siku ya nne alfajiri. Kuku hakukamatwa.

Tuliporudi barabara kuu Ambakisye alijitahidi mpaka nikamhurumia. Aliendesha na mguu mwepesi, akajificha nyuma ya malori ili asipambane na upepo. Namba ilishuka, lakini safari hii hapakuwa na mteremko wa kutusaidia. Sasa Kitonga tulikuwa tunaipanda. Makambako tulisimama kujisaidia. Nikamwambia, "Si kuna kitufe cha kufuta? Futa. Ianze upya, itasoma vizuri."

"Nikifuta nitakuwa nimefanya kitu cha kuficha," akanijibu. "Sasa hivi sijafanya kitu."

Nikalia. Akanipangusa kwa mkono wa shati lake, akaniambia nisilie karibu na viti vya ngozi. Alitania, Mama! Siku ile!

Jumatatu asubuhi bosi aliingia kwenye gari, akakaa, akasoma. Mume wangu amenieleza kwamba hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Kumi na tatu nukta sita. Na kilomita za ziada. Na tairi. Ulibeba maharusi wangapi?"

"Sikubeba harusi yoyote, bosi. Wakwe zangu waliomba kuzungushwa. Nilishindwa kuwakatalia."

"Wakwe," bosi akasema. "Kisingizio hicho sijawahi kukisikia. Kesho uje na hadithi nyingine."

Kesho yake nilikwenda naye. Nilivaa kitenge chako, nikasimama mbele ya meza ya bosi, nikasema yote: picha, maneno mawili, kuku. Bosi alisikiliza vizuri mpaka nikaanza kumpenda. Kisha akasema, "Sawa. Nipe namba ya huyo mjomba. Akisema alipanda, yameisha, tairi nitalinunua mimi."

Mama, nilishukuru Mungu pale pale kwa sauti. Nikampa namba. Akapiga, akaweka simu mezani sote tusikie.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni mwenye lile gari jeusi lililokuja kwenu."

Mjomba akauliza: "Mwenye gari? Si la mkwe?"

"Ni langu. Nataka kujua tu nani alilipanda huko, maana yametumika mafuta mengi na tairi limeharibika."

Nilisikia jogoo anawika nyuma yake. Nilisikia akisafisha koo.

"Mimi sijapanda gari la mtu," Mjomba akasema. "Mimi nina baiskeli yangu. Hao watoto walikuwa wanaondoka asubuhi wanarudi jioni. Walikokuwa wanakwenda wanajua wenyewe."

"Una hakika, mzee?"

"Kwani wewe umeniona ndani ya gari?" Akakata simu.

Ungemwona mume wangu, Mama. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anaitazama ile simu kama anavyoitazama mashine inayotoa mlio ambao yeye tayari anajua sababu yake. Bosi akaniuliza, "Yuko mwingine aliyeona?"

Nilikuwa nimeshaifungua simu yangu kwenye jina lako. Kidole changu kilikuwa juu ya neno "Mama." Ungesema kweli, najua. Ungesema hata kama Mjomba amesimama hapo hapo. Ambakisye akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, simu ikafunikwa.

"Hakuna, bosi," akasema. "Mama mkwe hakuwepo siku zile. Alikuwa amesafiri."

Bosi akanyoosha kiganja. Mume wangu akaweka funguo.

Nje nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Nikamwuliza kwa nini, kwa nini, neno moja la Mama lingekuokoa! Akanishika viganja. "Mama akimwita kaka yake mwongo mbele ya mtu wa nje, shamba la bondeni atalima la nani? Mgawaji wa mashamba ya ukoo si ndiye huyo huyo Lazaro?" Mgeni wa siku nne alikuwa ameuelewa ukoo wetu kuliko mimi niliyezaliwa humo.

Basi ndivyo ilivyo. Matajiri wa hapa wanafahamiana. Akienda kuomba kazi, wanamwuliza tu, si wewe uliyekuwa unakodisha gari la fulani? Miezi miwili sasa anapakia viazi kwenye malori kule Uyole. Anarudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Mgongo wake namkanda kwa maji ya moto, naye ananisimulia lori lipi linavuta vibaya na linapoteza mafuta wapi, kwa sauti ile ile ya uchumba. Mimi nasikiliza. Nampenda mpaka kifua kinauma. Kila mtu mjini anamwita mwizi, nami kila asubuhi naona jinsi nilivyobahatika.

Sasa nikwambie la mwisho, ambalo yeye halijui. Juma lililopita Mjomba alimtuma Jesca anipigie. Sendofu ya binti yake Elizeti imefika. Anataka tuje na gari. Ndiyo, Mama, gari! Anasema anajua bosi ni rafiki wa mkwe, atalitoa tena, na kwamba yale ya simu yalikuwa ya kizee tu, yamepita. Amewatangazia watu wa Kisanga. Aliyekuwa anawakodishia gari la kawaida kutoka Mikumi amemrudisha, amemwambia hana haja naye.

Jesca akaniuliza, "Dada, nimwambieje?"

Nilimwambia, "Mwambie tutakuja. Mwambie awe barabarani saa nne asubuhi na wageni wote, tusichelewe."

Nakuomba usimfungulie Mjomba mdomo. Najua Elizeti hana kosa. Najua atavaa gauni, atapakwa poda, atasimama juani kando ya barabara na maua mkononi. Mimi ni bi harusi, hakuna anayejua kuliko mimi siku ile inavyokuwa. Nimelala na jambo hilo siku saba, nikaamka nalo, na kila ninapoinua gunia la nguo za mume wangu zenye udongo kwenda kuzifua, naona nimefanya sawasawa. Nataka Mjomba ainyooshe shingo yake kwa kila vumbi litakalotokea upande wa Mikumi, watu wakimwangalia. Wewe siku hiyo useme goti linauma. Kaa nyumbani.

Msalimie Bibi, mwambie ugoro wake nitautuma kwa utingo yule yule. Msalimie Jesca, mtunza barua zangu, na mama mdogo, na mchungaji aliyetuombea safari. Mkweo naye ameniagiza, na nimeahidi kuandika kama alivyosema: anampa Mjomba shikamoo, na anasema hana kinyongo naye. Hiyo ni yake, mfikishie.

Ya kwangu usimpe.

Mwanao anayekupenda,
Edina, mke wa Ambakisye